Miduara ya Penseli Kwenye Dari: Kisa cha Mpangaji, Mwenye Nyumba na Bomba Lililojificha

Kisa hiki kilifika kwenye dawati letu la ushauri wa nyumba jioni moja, dakika chache kabla hatujafunga. Dawati lenyewe ni meza mbili na kabati la mafaili. Tunaoketi hapo tunajitolea, na kazi yetu ni kuwaeleza wapangaji na wenye nyumba haki na wajibu wao, na inapowezekana kuwapatanisha kabla hawajafikishana mahakamani. Majina, mahali na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yameondolewa. Fedha nimezitaja kwa siku na miezi ya kodi badala ya tarakimu. Pande zote mbili zimekubali kisa kisimuliwe, mwenye nyumba kwa sharti moja: nisimfanye aonekane katili. Sharti hilo halikuwa gumu kulitimiza.

## Wahusika na mkataba wao

Mwenye nyumba ni mama mjane wa makamo. Marehemu mumewe alimwachia jengo dogo la ghorofa, nyumba mbili chini na mbili juu, pamoja na mkopo wa benki ambao mpaka leo unalipwa kutokana na kodi za jengo hilo. Yeye haishi hapo. Funguo za akiba na shughuli za kila siku ziko mikononi mwa msimamizi.

Mpangaji ni baba wa familia: yeye, mkewe, na mtoto wa miaka 4 mwenye pumu. Walipanga nyumba ya chini yenye vyumba viwili vya kulala na sebule.

Mkataba ulikuwa wa kurasa mbili, umenakiliwa kutoka kwa mwenye nyumba mwingine ambaye naye aliupata kwingine. Vifungu viwili ndivyo vilivyozaa matata. Kimoja kilisema matengenezo yote ya ndani ni juu ya mpangaji. Cha pili kilisema kodi ikichelewa zaidi ya siku 10, mwenye nyumba anaweza kuifunga nyumba. Mpangaji alitia saini akiwa amesimama, karatasi ameiweka juu ya boneti, mizigo ikiwa bado garini. Hakuna aliyezunguka naye vyumbani. Amana ya miezi miwili ilipokelewa na kuandikwa nyuma ya risiti ya kodi ya mwezi wa kwanza kwa maneno mawili tu: "na amana."

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwenye nyumba alikuwa amehudhuria semina yetu na kuondoka na kijitabu chetu cha haki na wajibu. Nitakirudia baadaye, kwa sababu kinatuhusu sisi kuliko yeye.

## Doa

Nahesabu siku kuanzia ile ambayo mpangaji aliona doa mara ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa tano wa upangaji wao.

Doa lilikuwa kwenye dari ya chumba cha mtoto, ukubwa wa kisahani, rangi ya chai ya maziwa. Mpangaji alipanda juu ya stuli, akalizungushia mstari wa penseli na kuandika tarehe pembeni. Anasema alifanya hivyo ili ajue kama linakua au ni macho yake tu. Siku hiyo hiyo alimwambia msimamizi getini. Msimamizi akajibu, "Nitamwambia mama."

Siku ya 7 doa lilikuwa limeuvuka mstari, akachora wa pili. Siku ya 19 akachora wa tatu. Hakuna aliyekuja. Siku ya 22 akampigia mwenye nyumba mwenyewe, wakazungumza dakika 4 kwa heshima zote. Kwa mwenye nyumba, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia habari za doa. Siku ya 26 akatuma fundi. Fundi alipanda juu, akaziba kingo za sakafu ya bafu kwa silikoni, kisha akashuka na kupiga picha ya dari ili aonyeshe kazi na kudai malipo yake. Rangi, alisema, itapakwa doa likikauka.

Halikukauka. Siku ya 35 maji yalirudi, safari hii yakidondoka. Kesho yake mpangaji akaandika meseji: "Mama, shikamoo. Maji yamerudi chumba cha mtoto, tumeweka ndoo." Akajibiwa: "Marahaba mwanangu. Fundi anasema wa juu hawamfungulii, nafuatilia." Siku ya 40 ukachorwa mduara wa nne, mkubwa kuliko sinia.

Usiku wa siku ya 51 kipande cha plasta kilianguka juu ya kitanda. Mtoto alikuwa kwa wazazi wake usiku huo kwa sababu alikuwa akikohoa. Plasta ilichukua katikati ya doa, pamoja na miduara miwili ya mwanzo. Asubuhi mpangaji aliikusanya vipande vipande na kuitupa. Ushahidi ukaenda jalalani.

## Kodi yazuiwa, maji yakatwa

Siku ya 54 ilikuwa siku ya kulipa kodi. Mpangaji aliandika kwamba hatalipa mpaka dari itengenezwe. Alikuwa amesikia kazini kwamba hiyo ni haki yake. Fedha hakuiweka pembeni. Zaidi ya nusu ilikwenda kwenye dawa, godoro jipya na nauli za hospitali.

Kwa mwenye nyumba, kodi isiyolipwa ilimaanisha rejesho la benki halitatimia. Alimtuma msimamizi akaangalie dari ikoje, na siku ya 60 msimamizi akaingia kwa ufunguo wa akiba wakati hakuna mtu ndani. Mke wa mpangaji aliporudi alikuta alama mbili za miguu ya ngazi kwenye shuka aliyokuwa ameitandika asubuhi. Nimesikiliza malalamiko mengi ya familia hii. Hakuna lililosimuliwa kwa uchungu kama la shuka hiyo, hata la plasta.

Kuanzia hapo mawasiliano yalikufa. Siku ya 66 maji yalifungwa kwenye mita. Siku ya 69, siku 15 baada ya kodi kupaswa kulipwa, familia ilirudi na kukuta kitasa kimebadilishwa. Ndani kulikuwa na kila kitu chao, ikiwemo dawa ya mtoto ya kuvuta.

Mpangaji alitaka kuvunja mlango. Mkewe ndiye aliyemleta kwetu.

## Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha mlango na fedha. Mwenye nyumba alipopokea simu alikuwa tayari kuzungumza papo hapo, lakini kwa mpangilio wake: alipwe kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Tulikataa. Mwenzangu alimsomea kifungu cha kuifunga nyumba kutoka kwenye mkataba wake mwenyewe, kisha akamweleza kwamba katika nchi nyingi kifungu cha namna hiyo hakimlindi aliyekiandika. Katiba ya Afrika Kusini, ibara ya 26, inakataza mtu kuondolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Uingereza, sheria ya 1977 ya kuwalinda wapangaji dhidi ya kufukuzwa inaufanya ufukuzaji wa aina hii kuwa kosa la jinai. Deni linaweza kuwa la kweli na kufunga mlango kukabaki kuwa kosa.

Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama dawa ya mtoto kweli iko ndani. Tukamwambia ndiyo. Mlango ulifunguliwa kesho yake mchana. Kwa usiku huo, zahanati ilitoa dawa nyingine. Tulipaswa kushinikiza ufunguliwe usiku ule ule, na mpaka leo sijui kwa nini tuliridhika na "kesho."

Uamuzi wa pili ulikuwa kutokimbilia mahakamani, na hili tulilibishania wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu aliona kufungiwa nje ni jambo zito lisilostahili usuluhishi, kwamba kulisuluhisha ni kulihalalisha. Ana hoja. Lakini mpangaji alitaka kuendelea kuishi pale, karibu na shule ya mtoto, na mwenye nyumba hakuwa na rekodi ya tabia hiyo. Tulimweleza mpangaji kwamba njia ya mahakama iko wazi, na kwamba kukaa kikao hakumwondolei haki hiyo. Alichagua kikao.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kwamba fundi atakayekagua asiwe yule wa kwanza wala ndugu wa yeyote, na kwamba akague kwa miadi iliyoandikwa, nyumba ya chini na ya juu, pande zote zikiwepo.

## Kikao

Tulikaa siku ya 73, kwenye sebule ya mpangaji, ndoo ikiwa bado chumba cha pili. Kulikuwa na maswali mawili ambayo kila mtu aliyachanganya: uharibifu ulianza lini, na mwenye nyumba aliujua lini.

Kwa swali la kwanza mpangaji alituonyesha dari. Miduara miwili ilikuwa imebaki, wa siku ya 19 na wa siku ya 40. Mwenye nyumba akasema, na hakukosea, kwamba mtu anaweza kuchora mduara leo na kuandika tarehe ya mwezi jana. Ndipo mke wa mpangaji akakumbuka picha ya yule fundi. Tukampigia. Picha ilikuwepo bado kwenye simu yake, imepigwa siku ya 26, na juu yake ilisomeka miduara mitatu yenye tarehe, mmoja ndani ya mwingine kama pete za mti uliokatwa. Mabishano ya lini doa lilianza yakaishia hapo.

Swali la pili halikuisha vizuri hivyo. Msimamizi alipoulizwa kama aliambiwa getini siku ile ya kwanza, alijibu, "Naambiwa mambo mengi getini." Sidhani alikuwa anadanganya. Kumwambia msimamizi kwa kawaida huhesabika kuwa umemwambia mwenye nyumba, kwa kuwa yuko pale kwa niaba yake. Lakini kuambiwa lazima kuweze kuonyeshwa, na hapa hakukuwa na karatasi wala meseji. Rekodi ya kwanza ilikuwa simu ya siku ya 22, na maandishi ya kwanza ni meseji ya siku ya 36.

## Kilichokuwa chini ya vigae

Fundi mpya alifanya jambo ambalo wa kwanza hakulifanya: alimwomba mpangaji wa juu amwage ndoo moja ya maji kwenye tundu la bafu, yeye akiwa chini anatazama. Maji yalionekana darini baada ya dakika 6. Kisha akamwaga maji sakafuni, mbali na tundu. Hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kingo hazikuwa na kosa, silikoni ilikuwa imeziba mahali pazima. Alipong'oa vigae vinne alikuta kiungo cha bomba la maji machafu kimepasuka.

Hapo kifungu cha "matengenezo yote ya ndani" kikakosa pa kusimama. Bomba lilikuwa ndani ya sakafu inayotenganisha nyumba mbili, na mpangaji wa chini hana hata njia ya kulifikia. Sheria nyingi zimeliona jambo hili mapema. Sheria ya Uingereza ya 1985 inamwachia mwenye nyumba jukumu la muundo wa jengo na mitambo ya maji kwa upangaji wa muda mfupi, na mkataba hauwezi kulihamishia kwa mpangaji hivi hivi. Sheria ya Ontario, Kanada, ya 2006 inabatilisha kifungu chochote cha mkataba kinachopingana nayo, na inamwajibisha mwenye nyumba kutengeneza hata kama mpangaji aliona ubovu siku anaingia. Mwenye nyumba wetu alikuwa akiamini kwa moyo safi kwamba kilichotiwa saini kimekwisha.

Matengenezo yalichukua siku 3, mpaka siku ya 77. Mwenye nyumba alilipa yote.

## Makubaliano

Kwa siku ambazo chumba kimoja kati ya vitatu hakikukalika, mpangaji alitaka apunguziwe theluthi ya kodi kwa siku zote 77. Mwenye nyumba alikubali kuanzia plasta ilipoanguka, siku 26. Tulipendekeza kuanzia siku ya 36, yaani siku 41. Sababu yetu ilikuwa kwamba baada ya simu ya kwanza alituma fundi ndani ya siku 4, na mtu anayejaribu kwa nia njema hastahili kuhesabiwa sawa na aliyepuuza. Maji yaliporudi na yeye akaambiwa kwa maandishi, kisha siku 15 zikapita mpaka dari ikaanguka, hapo ndipo saa ilipoanza kumhesabia. Theluthi ya siku 41 ni kama siku 14 za kodi. Wote wawili waliondoka wakinung'unika kidogo.

Salio la kodi ya mwezi ule aliouzuia, siku 16 baada ya kutoa hizo 14, mpangaji alilipa kwa mafungu mawili. Mwenye nyumba aliahidi kwa maandishi kutofunga mlango wala maji tena, na kutoingiza mtu bila taarifa ya saa 24 isipokuwa kwa dharura. Mpangaji aliahidi kuripoti kwa meseji na kutozuia kodi bila kwanza kutupitia. Karatasi ilikuwa moja, kwa maneno yao wenyewe, ikasomwa kwa sauti kabla ya saini. Mwenye nyumba aliomba neno "amefukuza" libadilishwe kuwa "alifunga mlango." Tukabadilisha.

## Amana, miezi mitano baadaye

Tulidhani yamekwisha. Miezi mitano baadaye mpangaji alipata kazi sehemu nyingine, akatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, akalipa kodi mpaka siku ya mwisho na kurudisha funguo. Wiki moja baadaye wakarudi mezani kwetu wote wawili, kila mmoja na karatasi yake.

Mwenye nyumba alitaka kukata fedha kwenye amana kwa mambo matano: rangi ya nyumba nzima, alama ya kuungua kwenye meza ya jikoni, ufunguo mmoja uliopotea, mlango wa kabati uliolegea, na "kuchafua dari kwa penseli." Dari ilikuwa imepakwa rangi pale tu palipozibwa, na mduara wa nne, ule mkubwa, ulikuwa bado upo.

Nilishindwa kuficha kicheko. Mpangaji hakucheka.

Tulipitia moja baada ya jingine. Alama ya kuungua na ufunguo, mpangaji alikiri mwenyewe. Rangi: risiti za mwenye nyumba zilionyesha nyumba ilipakwa mara ya mwisho miaka 4 iliyopita, na rangi ya miaka 4 kufifia ni uchakavu wa kawaida. Amana ni ya kufidia uharibifu na deni, na haikuwekwa kuifanya nyumba iwe mpya kuliko ilivyopokelewa. Mlango wa kabati haukuamulika, maana mmoja alisema ulikuwa hivyo siku wanaingia na mwingine akasema hapana. Hakuna picha wala orodha. Mwenye nyumba ndiye anayetaka kukata, kwa hiyo ni juu yake kuonyesha, naye hakuwa na cha kuonyesha. Kuhusu penseli, mwenzangu alisema tu kwamba kifutio kingetosha, na mwenye nyumba akalifuta dai lenyewe.

Amana ilirudishwa siku ya 23 baada ya kuhama, ikiwa imekatwa mambo mawili.

## Tunachokiona tukirudi nyuma

Nianze na kodi iliyozuiwa, kwa sababu ndiyo swali tunaloulizwa kila wiki. Aliyemwambia mpangaji "usilipe, ni haki yako" alimpa nusu ya jambo. Ujerumani, sheria inapunguza kodi yenyewe kwa kadiri ya kasoro, mradi mpangaji ametoa taarifa bila kuchelewa. California, mpangaji anaweza kutengeneza mwenyewe na kukata gharama kwenye kodi, isizidi kodi ya mwezi mmoja, wala isizidi mara mbili ndani ya miezi 12, na baada ya kumpa mwenye nyumba muda wa kutosha. Uingereza hakuna ruhusa ya jumla ya kuacha tu kulipa. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa jijini Washington, katika kesi ya Javins, iliunganisha wajibu wa kulipa kodi na wajibu wa kuiweka nyumba katika hali ya kukalika, lakini ikaeleza pia kwamba kodi inayobishaniwa inaweza kuwekwa chini ya ulinzi wa mahakama kesi ikiendelea. Ukizipanga sheria hizi pamoja utaona zinadai vitu vinavyofanana: taarifa, muda, na fedha iliyo kamili mahali panapojulikana. Mpangaji wetu alikuwa na taarifa kwa shida na muda wa kutosha. Fedha hakuwa nayo. Laiti kodi ile ingekuwa imewekwa benki bila kuguswa, mwenye nyumba angekutana na mtu anayebishana juu ya bomba. Alikutana na mtu aliyeonekana kuwa mdaiwa anayetafuta sababu.

Ufunguo wa akiba una pande mbili, na upande mmoja hauzungumzwi. Msimamizi alikosea kuingia bila taarifa. Ontario, kwa mfano, inataka maandishi saa 24 kabla, yakitaja sababu, na kuingia kuwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Lakini mpangaji wa juu naye alimkatalia fundi mlangoni mara mbili. Haki ya kukaa kwa utulivu haimpi mtu ruhusa ya kuzuia matengenezo yanayomuumiza jirani. Tulipomuuliza, alisema fundi alikuja saa 3 usiku, bila simu, na mkewe alikuwa peke yake. Kumbe naye alikuwa na haki. Taarifa ya maandishi ya siku moja kabla ingeweza kuokoa dari nzima.

Na huyo mpangaji wa juu ndiye tuliyemsahau. Hakualikwa kwenye kikao. Alikaa siku 3 bila bafu, vigae vyake viking'olewa, na hakuna aliyefikiria kumpunguzia chochote. Alikuja kulalamika baadaye, naye alistahili kusikilizwa.

Kosa letu kubwa zaidi ni la siku ya 77. Dari ilikuwa imezibwa, pande zote zilikuwa ndani ya nyumba, zimepatana, zina kalamu mkononi. Ilikuwa saa ya kuzunguka chumba kwa chumba na kuandika kila kitu kilivyo: kabati, meza, vitasa, rangi. Dakika 30. Hatukufanya hivyo, kwa kuwa tulikuwa tumechoka na tumefurahi. Mzozo wa amana ulizaliwa siku hiyo, na sisi ndio wakunga. Mali bila daftari hupotea bila habari, sote tunaijua methali hiyo. Sheria ya Afrika Kusini ya 1999 kuhusu nyumba za kupanga imelitia jambo hili meno: mwenye nyumba na mpangaji wanakagua pamoja kabla ya kuingia, na tena ndani ya siku 3 kabla ya upangaji kwisha, na mwenye nyumba asipokagua anahesabiwa kuwa amekiri nyumba iko salama.

Sasa kijitabu. Mwenye nyumba alikuwa nacho wakati wote, kwenye droo pamoja na risiti. Alipokileta, kona ya ukurasa wa malimbikizo ya kodi ilikuwa imekunjwa. Ukurasa wa kufunga mlango, ambao ni wa pili kutoka hapo, ulikuwa safi kabisa. Mpangaji, nilipompa nakala, alifungua moja kwa moja penye matengenezo. Kwa miaka tumekuwa tukiwafundisha wapangaji siku moja na wenye nyumba siku nyingine, kila kundi likiondoka na silaha zake. Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni watu wawili kusimama chini ya dari moja na kusoma karatasi moja. Tangu hapo semina za upande mmoja tumezipunguza. Tunakwenda siku ya kukabidhi funguo tukialikwa, tunawaomba wasomeane wajibu, mpangaji akisoma wa mwenye nyumba na mwenye nyumba akisoma wa mpangaji, kisha wanazunguka vyumba. Si wote wanaotualika. Madalali hasa hawatupendi, kwa sababu tunachelewesha saini.

Mwenye nyumba wa kisa hiki alitualika alipopata mpangaji mpya. Alikuwa ametengeneza fomu yake mwenyewe, ameipigia mistari kwa rula: chumba, kitu, hali. Tulipofika chumba kile cha mtoto aliinua macho, akatafuta miwani, akaandika kwenye safu ya dari: "Mduara mmoja wa penseli, tarehe inasomeka. Ulikuwepo."